Kwa Nini Wamakonde Walikaa Mbali na Maji: Habari za Biashara, Kuhama na Mpaka wa Ruvuma

Mgeni apandapo kutoka Masasi kwenda Newala, akafika juu ya uwanda wa Makonde, jambo la kwanza limshangazalo ni kutokuwapo kwa maji. Nchi ni nzuri, hewa ni baridi, mikorosho ni mingi, udongo ni mchanga mwekundu wenye kina kirefu. Lakini juu hakuna mto wala kijito. Mvua inyeshapo huzama mchangani, ikatokea tena chini ya magenge. Tangu zamani wanawake walishuka magenge hayo na mitungi, wakapanda tena, na safari moja iliweza kumaliza nusu ya siku. Katika miaka ya 1950 ndipo maji yalipoanza kupandishwa kwa mashine kutoka bonde letu la Kitangari, penye chanzo cha Mitema. Na hata leo bomba likikauka watu huirudia njia ya bibi zao, au hununua maji kwa ndoo.

Sisi tukaao Kitangari tumo bondeni, na maji hatuyatafuti mbali sana. Kwa hiyo swali hili limenisumbua tangu nilipoanza kufundisha: kwa nini watu wenye akili zao, walioliona bonde lenye maji, walikwenda kujenga juu kusiko na maji? Ukiwauliza wazee, watajibu kwamba ndiyo desturi. Ukizidi kuwauliza, watakutolea kisa.

Kisa chenyewe kiliandikwa na Mdachi mmoja, Karl Weule, aliyefika Newala mwaka 1906 kuchunguza mila za watu wa nchi hii. Yasemwa kwamba hapo mwanzo alikuwako kiumbe mmoja peke yake porini, upande wa Mahuta, asiyeoga, wala hakula na kunywa ila kidogo. Akachonga sanamu ya mtu kwa mti, akaisimamisha nyumbani kwake. Usiku ule sanamu ikawa mwanamke. Wakashuka wote wawili Ruvuma kuoga, na huko mwanamke akazaa mtoto, naye amekufa. Wakahama, wakaenda bonde la Mbemkuru. Akazaa tena, naye pia amekufa. Ndipo waliporudi juu, kwenye kichaka cha Mahuta, akazaa mtoto wa tatu, naye akaishi, akawa baba wa Wamakonde. Basi wazazi wale wakawausia wana wao wasijenge karibu na mito mikubwa wala mabondeni, maana huko ndiko kuliko na ugonjwa na kifo.

Walimu wengi wamekichukua kisa hiki kuwa habari ya asili ya kabila, na sanamu ile kuwa dalili kwamba ufundi wa kuchonga ni wa kale. Wengine, hasa waliosoma uganga wa kizungu, husema ni elimu ya afya: mabondeni mna mbu, na mbu ana homa. Sikatai. Lakini mimi naona wasia ule una sababu nyingine, ambayo mzee aliyeusimulia huenda hakuona haja ya kuieleza kwa kuwa kila mtu wa zamani zake aliijua. Mabonde ndizo njia. Na katika njia za nchi hii, kwa muda wa zaidi ya miaka mia, mauti haikuja kwa mbu peke yake.

Mwaka 1776 Mfaransa aitwaye Morice alipatana na Sultani wa Kilwa auziwe watumwa 1,000 kila mwaka, wa kupelekwa katika visiwa vya Wafaransa vilivyo mashariki ya Madagaska. Baadaye Sayyid Said wa Oman alipohamia Unguja, mikarafuu ikapandwa Unguja na Pemba, nayo ikataka mikono. Watu hao walitoka wapi? Wengi walitoka nchi za Ziwa Nyasa na za Wayao, wakashushwa kwa mabonde ya Lugenda na Ruvuma hadi Kilwa, Lindi na Mikindani, pamoja na pembe za ndovu. Na kutoka pwani zikapanda nguo, shanga, bunduki na baruti. Livingstone alipopita kando ya Ruvuma mwaka 1866, alikuta nchi ambayo katika sehemu zake nyingi ilikuwa imebaki vigae na mifupa. Hivyo sukari ya visiwa vya mbali na karafuu za Unguja ndizo zilizoamua mahali pa kujenga nyumba ya Mmakonde.

Juu ya uwanda kulikuwa na kichaka kizito kisichopenyeka ila kwa vijia vyembamba. Vijiji vilikuwa vidogo, vimefichwa ndani yake, kila ukoo na mkubwa wake, wala hapakuwa na mfalme mmoja juu ya wote. Watu wa nje walilihesabu jambo hilo kuwa upungufu. Lakini mtekaji afikapo nchi isiyo na mfalme, hana mji mkuu wa kuuchoma, wala hana mtu mmoja wa kufanya naye mapatano. Na akishindwa kuona njia, ataona kiu. Mtungi ule wa kupanda nao gengeni ulikuwa ndiyo kodi waliyoilipa kwa usalama wao. Wala tusijidanganye kwamba waliokaa juu walikuwa na mikono safi. Wao kwa wao nao waliuzana, hasa katika njaa na deni, na wako waliotajirika kwa hayo.

Misheni yetu ya Masasi nayo ni mtoto wa mambo hayo. Mwaka 1873 Sultani Barghash, akikabiliwa na tishio la manowari za Kiingereza, alitia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini, na soko la Unguja likafungwa. Siasa ya Uingereza ikapata ilichokitaka; lakini mkataba haukusema waliokombolewa watakaa wapi. Mwaka 1876 Askofu Steere alichukua kundi lao kwenda kuwarudisha upande wa Ziwa Nyasa walikotoka, nao walipofika Masasi, penye majabali makubwa na udongo mzuri, wakaomba wabaki. Miaka sita baadaye, mwaka 1882, walishambuliwa na Magwangwara. (Hilo ni jina ambalo Wayao na watu wa pwani waliwapa Wangoni wa upande wa Songea.) Wengine waliuawa, wengine walitekwa, na misheni ikalazimika kukimbilia Newala, kwa Matola, mkuu wa Wayao, aliyekuwa rafiki yake. Mkataba ulikuwa umesimamisha majahazi. Vita vya bara haukuvisimamisha.

Biashara haina tabia ya kufa, hubadili mzigo. Watumwa walipokuwa vigumu kuuzwa, wafanya biashara wa pwani wakatafuta kitu kingine, nao wakakipata mle mle kichakani. Mtoria, ule mtambaa ambao watoto hula matunda yake, hutoa utomvu. Ukigandishwa na kuviringishwa ni mpira, na viwanda vya Ulaya vilikuwa vinautaka sana. Balozi wa Uingereza Unguja, John Kirk, aliisukuma biashara hii kwa bidii akitumaini kwamba itashika mahali pa ile mbaya. Kwa miaka kadhaa Lindi na Mikindani zilipeleka mpira mwingi kutoka uwandani. Kichaka kilichokuwa kimewaficha watu kikawa mali, na mali huita wageni.

Mmoja aliyekua kwa biashara hiyo ni Machemba, mkuu wa Wayao aliyekaa Luagala. Alikuwa na pembe, na mpira, na watumwa, na bunduki, naye alijua bei ya kila kimoja. Wadachi walipokuja kumtaka awatii, alimwandikia von Wissmann mwaka 1890 barua ya kukataa, kwamba urafiki anautaka, bali utumishi hautaki. Walimpigania kwa miaka mingi, wakampata mara na kumkosa mara, hata mwaka 1899 alipoona amezidiwa akavuka Ruvuma na watu wake, akaingia nchi ya Wareno. Nawasihi walimu wenzangu waangalie alipokwenda. Baba zake wangekimbilia juu. Yeye alikimbilia ng'ambo.

Maana jambo jipya lilikuwa limetokea. Tarehe 30 Desemba 1886 Wadachi na Wareno walipatana kwamba Ruvuma uwe mpaka wa milki zao. Hakuna mtu wa kando ya mto aliyeulizwa. Aliyelala kusini akaamka ni wa Mreno, aliyelala kaskazini akaamka ni wa Mdachi, na shamba la mjomba wake likawa Ulaya nyingine. Hata mlangoni mwa mto wenyewe hawakuafikiana: Wadachi waliitwaa Kionga mwaka 1894, Wareno wakaitwaa tena mwaka 1916, ikathibitishwa kuwa yao mwaka 1919, na leo ni ya Msumbiji.

Lakini watu wakagundua upesi kwamba mpaka una faida ambayo waliouweka hawakuikusudia. Askari wa upande mmoja hawezi kuuvuka. Zamani usalama ulikuwa juu. Sasa ulikuwa ng'ambo. Kodi ya nyumba ya Kidachi ilipozidi, wengine walivuka kwenda kusini. Na baada ya vita vya Maji Maji, ambavyo mwaka 1905 viliichoma misheni ya Masasi, wako waliovuka vile vile. Kisha mizani ikageuka. Upande wa kusini serikali ya Ureno ilikuwa imeikabidhi nchi kwa Kampuni ya Niassa tangu mwaka 1891, nayo kampuni ilipata fedha kwa kodi ya vibanda na kwa kuwatoa watu kwenda migodi ya Afrika Kusini, mpaka njia hiyo ilipofungwa mwaka 1913. Kampuni iliondoka mwaka 1929. Kazi ya kulazimishwa haikuondoka, na tangu mwaka 1938 ikaongezwa pamba ya kulazimishwa. Mtu aliyeshurutishwa kulima pamba kwa bei asiyoipanga aliutazama mto, nao wakati wa kiangazi una mahali ambapo mtu aweza kuuvuka kwa miguu.

Hivyo ndivyo walivyokuja Wamawia. Sisi tuliozaliwa kaskazini twalitumia jina hilo pasipo kufikiri. Lakini wao wenyewe walijiita Wamakonde, na jina la Mawia lilikuwa na dharau ndani yake. Walijulikana kwa chale zao za usoni, na wanawake kwa ndonya ya mdomo wa juu, na lugha yao ina maneno ambayo Mmakonde wa Newala huyasikia kama mtu asikiaye wimbo anaoujua umeimbwa kwa sauti nyingine. Walifanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Lindi na Mikindani, wengine wakafika Tanga na Unguja. Serikali ya Kiingereza, iliyoshika nchi baada ya Wadachi, haikuwazuia. Husemwa kwamba ilikuwa huruma. Huenda kidogo ilikuwako. Lakini mkonge ulitaka wakataji, na wenye mashamba hawakuuliza mtu amezaliwa ukingo gani.

Vita vya mwaka 1914 hadi 1918 nitavipita kwa haraka, ingawa wazee wetu hawakuvipita kwa haraka. Wareno walivuka mto mwaka 1916, wakakaa Newala majuma machache tu, wakafukuzwa na Wadachi mwezi wa Novemba. Mwaka uliofuata, mwezi ule ule, von Lettow-Vorbeck alivuka kwenda kusini penye Ngomano, mahali Lugenda uingiapo Ruvuma. Majeshi yote yalikula chakula cha wenyeji na kuwatwika mizigo. Hakuna ukingo uliokuwa kimbilio miaka ile, na kichaka cha juu kikatumiwa tena kwa kazi yake ya kale.

Baada ya vita vya pili Uingereza ilikosa mafuta ya kupikia, na upungufu huo wa majikoni ya London ukafika Nachingwea kwa umbo la mashine kubwa za kung'oa miti. Mpango wa karanga ulianza mwaka 1947, ukaachwa mwaka 1951, na karanga zilizopatikana hazikustahili gharama. Zilibaki bandari ya Mtwara, reli iliyong'olewa baadaye, na mashamba mapana yaliyokatwa msituni. Msomaji alishike neno hili la mashamba.

Sasa nafika jambo ambalo naona ndilo kiini cha habari yote. Kufikia miaka ya 1950 Wamakonde wa kusini waliokuwa wakiishi Tanganyika walikuwa maelfu kwa maelfu. Walikuwa na vyama vyao vya kusaidiana na kuzikana, wakasikia mikutano ya TANU, wakaona watu wa huku wanadai uhuru bila kupigwa risasi. Wakauliza: kwa nini sisi tusirudi kwetu tukakae vivyo hivyo? Mwezi wa Juni 1960 wajumbe wao wawili, Faustino Vanomba na Kibiriti Diwane, walivuka kwenda Mueda kulisema neno hilo mbele ya serikali ya Ureno. Tarehe 16 gavana wa Cabo Delgado alikuja, umati ukakusanyika, wajumbe wakakamatwa. Watu walipopiga kelele kuwatetea, askari wakafyatua bunduki. FRELIMO husema waliouawa walikuwa mamia; wachunguzi wa baadaye wamehesabu wachache zaidi. Hesabu yo yote tutakayoishika, habari zilivuka mto siku zile zile pamoja na waliokimbia.

Kwa kawaida vitabu vya shule huanza mambo haya Dar es Salaam, tarehe 25 Juni 1962, vyama vitatu vilipoungana kuwa FRELIMO chini ya Eduardo Mondlane, na kuyaeleza kuwa ni siasa ya Mwalimu Nyerere juu ya ukombozi wa Afrika. Ni kweli, tena ni jambo la kumpa heshima. Ila si mwanzo. Mmoja wa vyama vile vitatu, MANU, ulikuwa ni wa hao hao wakata mkonge. Nchi ilipopata uhuru mwaka 1961 iliwakuta wamo ndani yake tayari, na mto nyuma yao, na Mueda moyoni mwao. Serikali yo yote ingelazimika kuchagua: kuwanyamazisha, au kuwa adui wa Mreno. Nyerere alichagua la pili, naye alijua gharama yake.

Vita vilianza Chai, katika Cabo Delgado, tarehe 25 Septemba 1964. Wapiganaji walifundishwa Nachingwea, katika shamba lililokatwa kwa ajili ya karanga. Wakimbizi walikuja tena kwa maelfu. Wareno nao walitega mabomu ardhini na kurusha ndege juu ya vijiji vya ukingo wetu. Watu walioishi kando ya mto wakasogezwa mbali nao. Mkoa wa Mtwara ulitangulia mikoa mingi kukusanya watu katika vijiji vya ujamaa, na hofu ya mpakani ilikuwa sababu mojawapo, ijapokuwa katika hotuba ilitajwa kidogo kuliko zile nyingine. Mzee aliyeambiwa mwaka ule aondoke kando ya Ruvuma hakuona neno geni. Baba yake wa asili, yule wa Mahuta, alikuwa amesema lilo hilo. Mondlane aliuawa Dar es Salaam kwa bomu lililotumwa kama kifurushi, tarehe 3 Februari 1969. Msumbiji ilipata uhuru tarehe 25 Juni 1975. Wengi walirudi. Wengi hawakurudi, wakawa majirani zetu, na watoto wao wakawa wanafunzi wetu.

Tarehe 12 Mei 2010 marais wa nchi mbili walifungua Daraja la Umoja, lenye urefu wa mita 720, karibu na Ngomano ile ile. Mwaka huo huo gesi nyingi iligunduliwa chini ya bahari upande wa Palma. Upande wetu gesi ya Mnazi Bay ilikuwa imejulikana tangu mwaka 1982, na bomba lilipoamriwa liipeleke Dar es Salaam, watu wa Mtwara walighadhibika, pakatokea fujo na vifo mwaka 2013. Kusini yalitokea mabaya zaidi. Katika nchi yenye gesi na mawe ya thamani, vijana wasiopata sehemu wakasikiliza wahubiri wa upanga, na tarehe 5 Oktoba 2017 wakashambulia Mocímboa da Praia. Miongoni mwao walikuwamo na vijana kutoka Tanzania. Mwezi wa Oktoba 2020 waliuvuka mto, wakaua watu na kuchoma nyumba katika kijiji cha Kitaya, mkoani Mtwara. Mwezi wa Machi 2021 waliingia Palma, na kazi ya gesi ikasimama. Ndipo yalipokuja majeshi ya Rwanda na ya nchi za SADC, pamoja na askari wa Tanzania. Hayo ya SADC yaliondoka mwaka 2024.

Na watu? Walifanya kama walivyofanya sikuzote: walikimbilia Ruvuma. Lakini safari hii wengi hawakupokewa. Mwaka 2021 maelfu waliovuka kuja kwetu walirudishwa kwa njia ya Negomano, na shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi likalalamika waziwazi. Siidharau hofu ya serikali. Baada ya Kitaya, asiyeogopa hana macho. Na katika kundi la wenye njaa mwenye kisu aweza kujificha. Lakini mimi niliyesoma habari za mto huu siwezi kuandika kwamba lilikuwa jambo dogo. Masasi ilianzishwa na watu waliokombolewa wakitafuta mahali pa kukaa. Mkonge wa Lindi ulikatwa na waliovuka. Uhuru wa jirani yetu ulipikwa katika vijiji vyao. Tangu mpaka uwekwe mwaka 1886, katika amani ukingo mmoja ulikuwa mlango wakati ukingo wa pili ulipokuwa moto. Na mlango huo ulipofungwa, walioufunga walikuwa wajukuu wa waliopita humo.

Mwaka ule nilipokuwa nikifundisha somo la Ruvuma niliwauliza wanafunzi ni nani mwenye babu au bibi aliyezaliwa ng'ambo. Mikono iliyoinuka ilizidi niliyoitazamia. Mvulana mmoja, mkono ungali juu, akauliza kama babu yake naye alikuwa na kibali. Nikamwambia kwamba siku zile mwenye mtumbwi aliuliza nauli tu.